Wageni wote huingilia jikoni: naomba ushauri kuhusu mlango wetu wa mbele

Mleta mada, Mukono

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye ujuzi wa ujenzi, na hata wa wale wasio mafundi ila wana jicho la kuitazama nyumba. Nyumba yetu imejengwa kwenye mteremko hapa Mukono. Geti liko upande wa juu wa kiwanja, magari huegeshwa hapo hapo ndani ya geti, na ukuta unaotazama maegesho una mlango mmoja tu, nao ni wa jikoni. Mlango wa mbele umejificha nyuma ya kona, upande wa magharibi, kwa sababu aliyechora ramani alitaka sebule itazame bonde. Kwa hiyo kila mgeni, awe padri, awe mkwe, awe kijana wa kusoma mita, hupiga hodi jikoni na kupita kati ya sigiri na masufuria kabla hajapata pa kuketi.

Wachache wanaoufikia mlango wenyewe hukuta ngazi tatu za zege, kila moja yenye kimo cha sentimita 20 na kikanyagio cha sentimita 22 tu, ya mwisho ikiwa ndiyo kijukwaa kisichozidi sentimita 80. Mlango ni wa chuma wenye vioo, nao hufunguka kwa nje, basi aliyebisha hana budi kushuka ngazi moja ili afunguliwe. Paa halina gata, yaani mfereji wa kukusanya maji ya mvua, na ukingo wake unaishia juu ya kijukwaa hicho hicho, hivyo mvua ikinyesha maji yote ya upande huo humwangukia anayengoja. Mama mkwe wangu anatembea kwa mkongojo, na mara ya mwisho alipokuja alikaa nje kwenye kiti cha plastiki mpaka saa ya kuondoka, akisema kwamba hewa ya nje inamfaa zaidi. Sote tulijua sababu.

Fundi wa kuchomelea ananishauri niondoe mlango huu niweke mpana wa mvule wenye nakshi. Mke wangu anaona heri fedha hiyo iende kwenye vigae vinavyong'aa na nguzo mbili nene. Kabla sijatoa hata shilingi, nauliza: tuanzie wapi?

Mchoraji ramani, Kampala

Ndugu mleta mada, mlango usiununue bado, na nguzo pia zingoje. Ukiyasoma tena maelezo yako utaona kwamba hakuna hata lalamiko moja linalohusu ubao au chuma cha mlango. Yote yanahusu mahali pa kusimama na njia ya kupafikia. Mgeni wako hajui pa kuelekea, akifika hana pa kusimama, akisimama analowa, na akifunguliwa anasukumwa arudi chini. Mlango wa mvule ukitundikwa hapo utakuwa mlango mzuri unaomsukuma mgeni ngazini.

Tazama jinsi wazee wa Buganda walivyolipanga jambo hili pale Kasubi, Kampala, kwenye makaburi ya makabaka, yaani wafalme wao. Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kubwa iliyojengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 ikiwa kasri, na ikawa kaburi lake mwaka 1884, haifikiwi moja kwa moja kutoka barabarani. Mtu hupita kwanza katika nyumba ya lango, Bujjabukula, wanakokaa walinzi, kisha anatokea uani, na kutoka hapo ile nyumba kubwa ya nyasi inaonekana yote mbele yake. Anapokaribia, paa linashuka chini na kumfunika kabla hajaingia, na hapo ndipo anapovua viatu. Mlango wenyewe si wa kifahari hata kidogo. Heshima yote imewekwa katika hatua za kuufikia, na hilo linawezekana hata katika kiwanja cha kawaida.

Kuhusu ngazi, kuna kanuni ya kale inayonasibishwa na François Blondel, Mfaransa wa karne ya 17: kimo cha ngazi mara mbili, ukijumlisha na kina cha kikanyagio, kikaribie urefu wa hatua moja ya mtu, yaani sentimita 60 hadi 64 hivi. Ngazi zako zinatoa 62, kwa hiyo aliyezijenga anaweza kudai kwamba hakukosea. Lakini kimo cha 15 na kina cha 32 hutoa 62 vilevile, na tofauti ni kwamba katika ngazi hiyo ya pili unyayo mzima unakaa, na mzee anapanda bila kuukazia mkongojo. Kanuni isitumiwe bila kumtazama atakayepanda.

Naomba vipimo viwili zaidi. Pale kwenye kona ya juu, karibu na maegesho, ardhi iko chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita ngapi? Na kutoka kona hiyo hadi mlangoni ni mita ngapi?

Mleta mada, Mukono

Nimepima kwa mpira wa maji wa kupimia usawa pamoja na kijana wangu. Pale konani ardhi iko chini ya sakafu kwa sentimita 20. Mlangoni iko chini kwa sentimita 60, kama ngazi zenyewe zinavyoonyesha. Kutoka kona hadi mlango ni mita tano.

Mchoraji ramani, Kampala

Basi jibu liko kwenye mteremko wenyewe. Ukitaka kumpandisha mama kutoka chini ya mlango kwa njia ya mteremko, sentimita 60 kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kupanda sentimita moja kila unaposonga mbele sentimita 12, zinadai mita 7.2, na bustani yote itageuka zege. Ukianzia konani, unapanda sentimita 20 tu katika mita tano, yaani moja kwa ishirini na tano, mwinuko ambao miguu haiutambui na hata kiti cha magurudumu kinasukumwa bila shida. Njia hiyo itambae sambamba na ukuta wa mbele, iwe na upana wa sentimita 120 kwenda juu, na iishie kwenye kijukwaa cha mita moja na nusu kwa mita moja na nusu kilicho sawa na sakafu ya ndani. Kizingiti kisizidi sentimita moja na nusu.

Ukingo wa nje wa njia utakuwa juu ya ardhi kwa hadi sentimita 60 karibu na mlango, kwa hiyo unahitaji kizuizi. Usiweke bomba za chuma. Jenga ukuta mfupi wa matofali ya kuchoma, wenye kimo cha sentimita 45 juu ya njia na upana wa sentimita 40, nao utakuwa kizuizi na kiti kwa wakati mmoja. Ngazi zibaki upande wa bustani kwa wanaotoka huko, lakini ziwe nne za sentimita 15, zote za kimo kimoja, kwa maana ngazi moja ikitofautiana na wenzake hata kwa sentimita mbili ndiyo itakayowaangusha watu.

Sasa anayeshuka garini ataiona njia yako ikianzia miguuni pake. Mlango wa jikoni uzibe kwa kiambaza cha matofali ya matundu, chenye kimo cha mtu, mbele yake kidogo. Wapishi watapata hewa, na mgeni hatauona tena.

Fundi mwashi, Jinja

Naunga mkono njia hiyo, ila ndugu mchoraji amepita haraka sana kwenye maji, na kwetu huku kando ya Ziwa Nyanza maji ndiyo bwana wa kila jengo. Tufanye hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ikiwa upande huo wa paa una urefu wa mita 12 na upana wa mita tano, ni mita za mraba 60, basi mvua moja ya milimita 20, ambayo kati ya Machi na Mei wala si ajabu, inamwaga lita 1,200 kwenye ukingo ule. Bila gata, lita hizo zote zitaangukia njia yako mpya na kurukia ukutani zikiwa zimebeba udongo mwekundu. Gata lije kwanza, bomba la kushushia maji liwe mwisho wa upande wa chini, na maji yaende kwenye tangi au mtaro, kamwe yasielekezwe kwenye msingi.

Jambo la pili ni hatari zaidi. Msijaze kifusi hadi kwenye ukuta wa nyumba. Kuna ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu inayolazwa juu ya msingi, na udongo ukiipita, unyevu unapanda ukutani, plasta inavimba, na rangi inabanduka mwaka hadi mwaka. Mchwa nao hupata njia ya kupandia bila kuonekana. Njia iwe na ukuta wake wenyewe pande zote mbili, na kati yake na nyumba uachwe upenyo wa sentimita 30 hivi, uliojazwa kokoto safi na wenye mtaro chini. Kijukwaa peke yake ndicho kitakachogusa kizingiti, nacho kiwe bamba la zege lenye nondo lililokaa juu ya kuta zake, likiinamia nje kwa sentimita tatu katika ile mita moja na nusu.

Vigae vinavyong'aa, mke wa mleta mada anisamehe, ni vya sebuleni. Vikilowa vinateleza. Kwa nje tumia saruji iliyopigwa ufagio ikiwa bado mbichi, au vigae vyenye uso wa kukwaruza.

Mama wa nyumba, Bombo

Nimesoma kwa makini, nanyi wanaume mmesahau dirisha. Njia itakayotambaa na ukuta wa mbele itapita chini ya dirisha la sebule. Kila muuza maembe atakuwa anatuchungulia tukila. Isitoshe, kina mama wengi tunapenda dakika mbili za kujua nani anakuja, ili tuvae kitenge vizuri na kuondoa vikombe mezani. Mkimleta mgeni mpaka dirishani kabla hajapiga hodi, mmemkaribisha yeye na kutuaibisha sisi.

Jambo lingine ni viatu. Katika nyumba zetu mgeni huvua viatu, na siku ya arusi au ya dua jozi hujaa mlangoni mpaka anayetoka anazikanyaga. Sijaona mtu hata mmoja aliyetaja viatu vitakaa wapi, wala mzee atakaa wapi anapofungua kamba. Kusimama kwa mguu mmoja kwenye sakafu iliyolowa, huku umeshika ukuta na wenyeji wanakutazama, si ukaribisho.

Mwenye asili ya Lamu, mkaazi wa Entebbe

Mama wa Bombo amesema kweli, na maswali yake yote mawili yana majibu ya kale. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka ule ule na Kasubi, mlango wa njiani hutanguliwa na daka, yaani kibaraza chenye paa na viti vya mawe kushoto na kulia. Mgeni wa haraka humaliza shauri lake hapo hapo, amekaa kivulini, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Anayeingia ndani naye hakatizi moja kwa moja, kwani njia hupinda, na macho ya mpita njia hayafiki uani. Hivyo mgeni anakaribishwa na nyumba inabaki na stara yake.

Kwa mleta mada, ule ukuta mfupi wa kukalia ndio daka lenyewe. Pale kwenye kijukwaa uujenge ukiwa wazi chini, kama rafu ya zege, ili jozi za viatu ziingie humo. Mbele yake weka wavu wa chuma wa kukwangulia udongo, kisha ndipo zulia la katani, kwa sababu zulia peke yake litashindwa na matope ya Mukono kabla mvua za Septemba hazijafika katikati. Kuhusu dirisha, ule upenyo wa kokoto wa fundi uongezwe upana hadi sentimita 60 mbele ya dirisha tu, na uwekwe vyungu vikubwa vya mimea isiyozidi usawa wa kifua. Anayepita ataona majani, na aliye ndani ataona kichwa cha anayepita. Kisha pale konani, njia inapoanzia, tundika kengele, naye mama apate zile dakika zake mbili.

Neno moja kuhusu taa, maana sisi wa Entebbe tumeteswa. Taa nyeupe kali juu ya mlango huita wadudu wa ziwani kwa maelfu, na Novemba huita nsenene, wale panzi wanaoliwa, ambao watoto watawafurahia lakini sakafu haitafurahi. Tumia taa ya rangi ya njano, na usiitundike juu ya mlango. Iweke pembeni, mita moja na nusu au mbili kutoka bawaba, na nyingine ndogo za jua chini ya ukingo wa ukuta wa kukalia, ili njia ionekane hata umeme ukikatika.

Mfanyabiashara, Arua

Mimi nitakuwa mpinzani. Mlango unaofunguka kwa nje una sababu zake. Haupigwi teke ukafunguka kwa urahisi, kwa maana fremu yenyewe inauzuia, na mvua ya upepo huubana badala ya kuusukuma. Isitoshe, mimea ya usawa wa kifua ni maficho. Mimi nyumbani kwangu nimeng'oa vichaka vyote, na geti linalindwa na askari. Uzuri wa kibaraza haujamzuia mwizi hata mmoja.

Mchoraji ramani, Kampala

Hoja ya teke ni ya kweli, lakini milango mingi ya kufunguka nje niliyoiona ina bawaba zilizo wazi kwa nje, ambazo kwa msumeno wa chuma ni kazi ya dakika chache. Ama uweke pini za ndani zinazozama kwenye fremu upande wa bawaba, ama uugeuze mlango. Mimi ningeugeuza. Ukishakuwa na paa dogo juu yake, hoja ya mvua inapungua nguvu, na mwenyeji anayevuta mlango kwake humwachia mgeni nafasi ya kuingia. Mwizi azuiwe kwa kitasa kizuri na komeo mbili, juu na chini. Kuhusu mimea nakubaliana nawe nusu. Ibaki mbele ya dirisha tu na ishuke hadi usawa wa goti, na pale mlangoni pasiwe na kitu chochote cha kumficha mtu.

Sasa paa hilo dogo. Lisipungue kina cha mita moja na nusu, likae juu ya kijukwaa chote, na pale linapoungana na ukuta bati la kuzibia lichimbiwe ndani ya plasta, lisibandikwe juu yake kwa lami. Lakini mlango unatazama magharibi, basi msidhani paa litakinga jua la jioni. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache, na ifikapo saa kumi na moja liko kwenye nyuzi 22 hadi 30 tu juu ya upeo. Paa la mita moja na nusu hapo linatoa kivuli cha sentimita 60 hadi 85 kutoka ukingo wake kwenda chini. Sehemu yote inayobaki ya mlango wa chuma itachomeka mpaka kitasa kisishikike. Upande wa magharibi wa kijukwaa uwekewe fito za mbao zilizosimama wima zenye mapengo, na bogenvilia au mmea mwingine wa kutambaa. Hewa ipite, jua lichujwe, na anayesimama pale aonekane.

Hapo ndipo swali la mlango wa mbao linaporudi, na jibu langu ni kwamba kama chuma chako ni kizima, kigeuze, kipake rangi iliyopoa, na hicho kioo cha juu ukiweke chenye mawimbi. Mvule tumia kwa nguzo za paa, kwa kuwa mchwa hauupendi, na hata hivyo usiuzike ardhini. Kila nguzo ikae juu ya kitako cha zege kwa bamba la chuma. Nguzo nyembamba mbili zitatosha. Zile nene anazozipenda shemeji zitaila nusu ya upana wa kijukwaa tulichokipigania.

Mleta mada, Mukono

Nimemsomea mke wangu uzi wote. Nguzo nene amezisamehe kwa sharti kwamba ukuta wa kukalia ufunikwe kwa terazo nyekundu kama ile ya baraza la babu yake, na sina pingamizi. Ndani tumeona jambo ambalo hatukulitaja: mlango ukifunguka, kitu cha kwanza ni mgongo wa kochi kubwa. Tumelisogeza hadi ukuta wa kaskazini, na sasa anayeingia anaona dirisha na bonde. Hilo halikugharimu chochote.

Maswali yangu yamebaki mawili. Je, kazi hii inahitaji kibali? Na mama mkwe anahitaji pa kushika kwa mkono, au ukuta wa kukalia unatosha?

Mchoraji ramani, Kampala

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliweka kamati za majengo wilayani na mijini, na paa jipya lililoungwa na nyumba ni ujenzi, si mapambo. Peleka mchoro wa ukurasa mmoja wenye vipimo kwa mhandisi wa manispaa kabla hujaleta matofali, uulize kibali cha kazi ndogo. Ukuta wa sentimita 45 haushikiki na mtu aliyesimama, kwa hiyo upande wa nyumba funga bomba la mviringo la milimita 40 hivi, kwa kimo cha sentimita 90, litokeze konani na kupita mwisho wa njia kwa sentimita 30, ili mkono uwe umeshika kabla miguu haijaanza kupanda. Bomba hilo lipite mbele ya dirisha bila kukatika.

Fundi mwashi, Jinja

Kwa mpangilio wa kazi: gata na mtaro, kisha kuta za njia, kisha zege, kisha paa dogo, na mlango ugeuzwe mwisho kabisa ili mafundi wasiukwaruze. Zege likishamwagwa lifunikwe kwa magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji kwa siku saba mfululizo, hata kama mawingu yametanda. Siku hizo saba wageni waendelee kupita jikoni.